Kuchora usiku wa Noeli kwa rangi za mafuta: namna ya kuufanya mwanga utoke horini

Kila Majilio yakikaribia, maswali huwa yale yale. "Nimempaka Mtoto Yesu nyeupe tupu lakini hang'ai, kwa nini?" "Giza langu limepauka kama majivu, nifanyeje?" "Padri anataka picha kabla ya mkesha na rangi bado inanata." Mwongozo huu ni wako wewe unayeuliza hivyo. Umeshazoea kuchora kwa penseli, pengine umegusa akriliki, na sasa unataka kuchora kuzaliwa kwa Yesu kwa rangi za mafuta, usiku, mwanga ukitoka kwa Mtoto mwenyewe.

Swali la kwanza nalijibu hapa hapa, maana hatua zote zinalitegemea. Mtoto hang'ai kwa sababu vitu vingine vyote kwenye picha yako vimepata mwanga kupita kiasi. Nyeupe ya kwenye tyubu haiwaki. Inaonekana kuwaka pale tu ilipozungukwa na giza linalopungua taratibu kadiri jicho linavyoikaribia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yako, karibu theluthi mbili ya kanvasi, ni kuchora giza.

Historia kidogo, kisha tuingie kazini. Injili ya Luka haisemi kwamba Mtoto alitoa nuru. Inasema alivikwa nguo za kitoto akalazwa horini, na kwamba utukufu wa Bwana uliwang'aria wachungaji kule makondeni. Mwanga wa horini wachoraji waliupata hasa kwenye maono ya Mtakatifu Brigita wa Uswidi, aliyefika Bethlehemu mwaka 1372: Yosefu alileta mshumaa, na nuru ya Mtoto ikauzidi mpaka mshumaa ukawa si kitu. Mnamo mwaka 1490 hivi Geertgen tot Sint Jans, Mholanzi, aliuchora usiku huo kwenye ubao wa mwaloni usiozidi sana ukubwa wa daftari, sentimita 34 kwa 25. Upo London, National Gallery. Correggio, Mwitaliano, alimaliza wake karibu mwaka 1530, kimo chake kinapita mita mbili na nusu, na leo upo Dresden. Itafute picha hiyo kwenye simu yako umtazame mwanamke mmoja aliyeinua mkono kujikinga macho. Hakuna taa iliyochorwa, lakini mkono ule unakuambia mwanga ni mkali kiasi gani.

Njia nyingine ni ya Georges de La Tour, Mfaransa wa karne ya 17, ambaye kwenye picha yake iliyopo Rennes aliuficha mshumaa nyuma ya kiganja cha mwanamke. Chagua moja: ama Mtoto ndiye taa, ama kuna taa iliyofichwa. Ukizichanganya zote mbili kwa nguvu sawa picha itagombana yenyewe. Hapa tunafuata ya kwanza.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kanvasi ya sentimita 60 kwa 80. Ndogo kuliko hapo nyuso zitakusumbua, na kubwa kuliko hapo utaishiwa subira. Kama unavuta mwenyewe kitambaa cha marekani kwenye fremu, kipake jeso (rangi nyeupe ya msingi) tabaka tatu, kila moja likauke na lisuguliwe kwa msasa laini kabla ya jingine. Usipake rangi ya mafuta kwenye kitambaa kitupu: mafuta yanakiozesha.
- Rangi: nyeupe ya titani, oka ya njano, siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu), amba ya kuchomwa (kahawia iliyokolea), buluu ya ultramarini, nyekundu ya alizarini. Ukiwa na uwezo ongeza manjano ya kadimiamu, tyubu ndogo inatosha. Nyeusi iache dukani.
- Mafuta ya kitani na tapentaini. Vichupa viwili vyenye vifuniko.
- Brashi za manyoya magumu: bapa mbili pana na mbili za kati. Brashi laini mbili ndogo kwa nyuso. Moja kavu, pana, ambayo haitaguswa na mafuta kabisa.
- Kisu cha kuchanganyia, kioo au ubao wa kuchanganyia rangi, vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi (fulana kuukuu ndiyo bora), mkaa wa kuchorea, uzi wa mita moja, gundi ya karatasi.
- Mwanasesere au hata chupa ya maji ya nusu lita, kitambaa cheupe, kikapu kidogo, na taa ndogo ya kuchaji yenye mwanga wa njano.

Swali linalorudi kila mara: je, naweza kutumia ile rangi ya mafuta ya milango na madirisha inayouzwa kwa kopo? Hapana. Ile imetengenezwa ikauke haraka na kung'aa. Haikupi siku mbili za kulainisha shavu, na ukiipanga tabaka juu ya tabaka itavuta na kupasuka. Mafuta ya taa badala ya tapentaini? Pia hapana, yanaacha utelezi na rangi inachelewa kukauka. Mafuta ya kupikia ndiyo usiyaguse kabisa. Ya mawese yatanata mpaka Pasaka ya mwaka kesho kutwa.

Tahadhari moja usiiruke. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kinaweza kuwaka moto chenyewe kikifinyangwa na kutupwa pembeni, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto. Vitandaze vitambaa nje vikauke, au vitumbukize kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko. Dirisha liwe wazi muda wote unapotumia tapentaini.

Muda

Kama picha inatakiwa kanisani tarehe 24 Desemba, anza Septemba, mwanzoni mwa Oktoba ikizidi. Rangi za mafuta hazikauki kwa maji kuondoka, zinakauka kwa kuvuta hewa, na hakuna njia ya mkato isiyokuja kudai deni baadaye. Pwani msimu wa mvua, ongeza siku kwa kila tabaka.

Hatua kwa hatua

1. Jenga zizi mezani. Funga mwanasesere kwa kitambaa cheupe, mlaze kikapuni, ifiche taa ndani ya mikunjo ya kitambaa ielekee juu. Zima taa za chumba, funga mapazia. Sasa mwombe mtu apige magoti karibu, uso ukiinamia kikapu, na mwingine asimame nyuma yake. Kaa utazame kwa muda kabla ya kushika penseli.

Utaona mambo ambayo kichwani mwako hayakuwepo. Mwanga unapiga chini ya kidevu, chini ya pua, chini ya nyusi. Kope za juu zinaingia gizani, na kipaji cha uso kinafifia kuelekea kwenye nywele. Kivuli cha pua kinapanda juu, hakishuki. Aliyekulia kwenye nyumba yenye koroboi sakafuni anaujua uso wa namna hii, na anajua pia kwamba unaweza kutisha. Ndiyo sababu Maria asikae juu kabisa ya hori. Msogeze kidogo pembeni na umshushe, mwanga umpate kutoka mbele na chini badala ya chini moja kwa moja, na uso utatulia.

Piga picha kwa simu, lakini usiziamini. Kamera huyafanya magiza yote kuwa meusi tii na kuuchoma mwanga wa kati. Andika pembeni ulichokiona kwa macho: "shingo bado inaonekana", "ukuta una wekundu".

2. Vichoro vidogo kwa mkaa. Chora visanduku vya ukubwa wa kiberiti, vinne au vitano, kila kimoja kwa ngazi tatu tu za weusi: nyeupe, kijivu, nyeusi. Usichore sura za watu. Chora madoa. Kichoro kinachosomeka ukiwa umesimama hatua tatu nyuma ndicho utakachokichagua.

Weka angalau mtu mmoja mbele, kati ya mtazamaji na hori, akiwa ametupa mgongo. Mchungaji aliyepiga magoti anafaa sana. Mgongo wake utakuwa mweusi karibu wote, na ukingo wake tu, bega na sikio, utakamata mwanga. Gerrit van Honthorst, mchoraji Mholanzi ambaye Waitalia walimpa jina la Gherardo wa Usiku, aliishi kwa hila hii. Umbo jeusi mbele linausukuma mwanga ndani ya picha na kumfanya Mtoto aonekane yuko katikati ya watu kweli.

Ng'ombe na punda? Luka hawataji. Wachoraji wanawatoa Isaya 1:3. Waweke kama unawapenda, lakini gizani: pua yenye unyevu na jicho moja vinatosha.

3. Panga ngazi za mwanga. Kabla ya kugusa kanvasi, changanya kwenye kioo ngazi tisa kutoka giza la mwisho (1), yaani ultramarini na amba, hadi nyeupe (9), uziache zikauke kwenye kipande cha kadibodi. Kisha gawa:

Nguo za kitoto, 9, na ni hizo tu. Nyasi zinazozigusa, 7. Uso wa Maria upande wa mwanga, 5 au 6. Yosefu, 4. Wachungaji, 3 kushuka. Ukuta nyuma ya hori, 3 ukifa kuelekea 1. Pembe zote nne za picha, 1.

Kwa nini inashuka haraka hivyo? Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali. Uso ulio sentimita 40 kutoka kwa Mtoto ukipata kiasi fulani, ulio sentimita 80 unapata robo yake, na ulio sentimita 120 unapata sehemu moja ya tisa. Hesabu za fizikia kwenye picha hii zinaishia hapo, lakini hiyo moja iandike ukutani. Wanaoanza karibu wote wanampa mchungaji wa mlangoni mwanga ule ule wa Maria, kisha wanashangaa kwa nini zizi linafanana na sebule yenye taa ya dari.

4. Chora na upime vivuli kwa uzi. Hamisha kichoro chako kwenye kanvasi kwa mkaa. Mtoto asikae katikati kabisa. Msogeze kidogo chini na upande mmoja. Bandika ncha ya uzi kwa gundi ya karatasi mahali kifua cha Mtoto kilipo, uvute mpaka kwenye kila kichwa, kila mkono, kila nguzo. Uzi ukivuka kichwa na kuendelea mpaka ukutani, pale ndipo kivuli cha kichwa hicho kinapoangukia. Vivuli vyote vinatawanyika kutoka hori, na vinakuwa vikubwa kadiri ukuta ulivyo mbali na mtu. Kivuli cha Yosefu ukutani kinaweza kuwa kikubwa kuliko Yosefu mwenyewe, na ni sawa.

Mistari ikikaa vizuri, ipitie kwa amba iliyozimuliwa kwa tapentaini, upanguse mkaa uliobaki, uache ikauke mpaka kesho.

5. Tia giza, kisha futa mwanga. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayomfungua macho mwanafunzi. Changanya amba ya kuchomwa na buluu kidogo, izimue kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, upake kanvasi nzima bila kuacha hata kona. Michoro yako itaonekana chini yake. Subiri dakika chache tapentaini ipungue. Sasa shika kitambaa cha fulana, kivingirishe kwenye kidole, na uanze kufuta pale mwanga ulipo: nguo za kitoto kwanza, futa mpaka jeso nyeupe itokee. Kisha upande wa uso wa Maria, kwa kugusa, usisugue. Kisha mikono yake. Ukingo wa bega la mchungaji kwa ncha ya kijiti kilichofungwa kitambaa.

Simama nyuma. Hujatumia nyeupe hata tone na tayari picha inawaka. Kama haiwaki hapa, haitawaka baadaye, kwa hiyo paka tena giza na ufute upya. Kufuta na kurudia hapa hakukugharimu kitu.

Acha ikauke siku mbili au tatu. Amba hukauka haraka kuliko rangi nyingine, ndiyo maana tunaiweka chini.

6. Jaza giza kwa rangi. Giza lako linatoka kwenye ultramarini na amba ya kuchomwa. Ukizidisha buluu linakuwa giza la nje ya mlango, ukizidisha amba linakuwa giza la ndani karibu na mwanga. Tofauti hii ndogo inafanya kazi kubwa: giza la buluu linarudi nyuma, la kahawia linasogea mbele. Liweke jembamba, kanvasi ipumue chini yake. Usitie nyeupe kwenye vivuli. Nirudie: usitie nyeupe kwenye vivuli. Hata punje moja inaligeuza giza kuwa ukungu, na hilo ndilo "jivu" mnaloniuliza. Ukitaka kivuli chepesi zaidi, tumia siena, au kizimue mpaka tabaka la chini litokeze.

Ndani ya giza kingo zipotee. Mgongo wa Yosefu na ukuta wa nyuma yake viungane mpaka usijue kimoja kinaishia wapi. Pitisha brashi kavu juu ya mpaka wao, kwa mkono mwepesi, mara mbili tatu. Kingo kali zibaki kwa walio karibu na hori tu.

7. Nyuso. Hapa natumia maneno mengi kwa sababu hapa ndipo picha nyingi za parokiani zinapoharibika.

Kama familia takatifu kwenye picha yako ina ngozi nyeusi, na kwa makanisa yetu ndivyo wengi wanavyoomba siku hizi, usijaribu kuuleta mwanga kwa kumpausha Mtoto. Elimo Njau alipochora kuzaliwa kwa Yesu kwenye ukuta wa kanisa la Anglikana la Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwaweka watu wa mahali pale wenyewe. Ule ni mchoro wa ukutani, si wa rangi za mafuta, lakini uamuzi ni ule ule unaokukabili wewe. Nguo za kitoto ndizo zenye ngazi ya 9. Ngozi ya kahawia ya Mtoto imelala ndani ya weupe huo kwenye ngazi ya 5 au 6, imejaa joto, na jicho la mtazamaji litaamini nuru inatoka kwake kwa sababu kila kilicho karibu naye kimeangazwa.

Msingi wa ngozi nyeusi kwenye mwanga wa namna hii: siena ya kuchomwa kwa wingi, oka, alizarini kidogo. Upande wa kivuli: siena na ultramarini, bila nyeupe. Kati ya mwanga na kivuli weka ukanda mwembamba wa siena na alizarini, wenye wekundu. Ukanda huo ndio unaoipa ngozi damu. Sehemu za kung'aa, yaani mfupa wa shavu, ncha ya pua na mdomo wa chini, ni ndogo na kali kuliko kwenye ngozi nyeupe, na rangi yake ni oka na nyeupe, kamwe si nyeupe peke yake.

Anza na giza la uso mzima, kisha leta mwanga juu yake. Kwa Maria, weka kwanza umbo moja la mwanga lenye kidevu, shavu la chini, chini ya pua na chini ya nyusi. Macho yasichorwe mstari kwa mstari. Anamtazama Mtoto, kwa hiyo kope zimeshuka. Kivuli kimoja laini kinatosha, na mstari mwembamba wa mwanga kwenye ukingo wa kope ya chini. Meno yasionekane kwa mtu yeyote.

Mwanga unaorudi ni muhimu. Nguo nyeupe inarusha mwanga kwenye kitu chochote kilicho juu yake, kwa hiyo chini ya mkono wa Maria, upande ambao ungeutegemea uwe mweusi, kuna joto hafifu la njano. Lipake kwa oka na siena, ngazi ya 3, lisishindane na mwanga wenyewe.

8. Nguo za kitoto. Ziache mpaka nyuso zimekauka kiasi cha kutoshika kidole. Hapa rangi iwe nzito, yenye mwili, na brashi ionekane. Usianze na nyeupe safi. Paka umbo lote kwa nyeupe iliyotiwa oka na chembe ya manjano ya kadimiamu. Mikunjo ijazwe kwa siena na nyeupe kidogo. Mwishoni, kwa kisu au brashi iliyojaa, weka nyeupe tupu sehemu tatu au nne, mahali mikunjo inapoelekea juu. Iweke uiache. Ukianza kuisugua itachanganyika na iliyo chini na utapoteza ulichokuwa unakitafuta miezi yote hii.

Usichore miale. Mistari ya dhahabu inayotoka horini pande zote inafaa kwenye kadi za Noeli. Kwenye picha ya namna hii inasema mchoraji hakuamini kivuli chake.

9. Mwanga wa pili, kama unautaka. Geertgen aliweka malaika anayeng'aa mbali juu ya kilima na moto wa wachungaji. Correggio aliacha alfajiri kidogo upeoni. Ukiweka mlango wenye mbingu ya usiku, iwe ngazi ya 2 au 3, ya buluu, na isiangaze mtu yeyote zaidi ya ukingo mwembamba wa bega. Buluu hiyo ya baridi inaifanya njano ya horini ionekane ya moto zaidi. Taa ya Yosefu, kama ipo, iwe dhaifu: mwali mdogo wa rangi ya chungwa, ngazi ya 6, nuru ya Mtoto ikiushinda wazi kama kwenye maono ya Brigita.

10. Rangi za kupenyeza. Picha ikikauka, wiki mbili au zaidi, changanya siena ya kuchomwa na mafuta ya kitani na tapentaini sehemu sawa, iwe nyembamba inayoonyesha kilicho chini. Ipitishe juu ya nyasi, mbao za hori na ukuta wa karibu, kisha ipunguze kwa kitambaa. Ghafla vitu hivyo vitaingia kwenye mwanga mmoja. Kwenye pembe za picha fanya hivyo kwa ultramarini na amba. Nguo za kitoto usizipitie.

Sheria ya tabaka usiisahau: ya chini iwe na tapentaini zaidi, ya juu iwe na mafuta zaidi. Ukiigeuza, ya juu itakauka kabla ya ya chini, kisha itapasuka.

Mambo yakienda kombo

*Giza limekuwa na mabaka, mengine yanang'aa, mengine yamefifia.* Tabaka la chini limefyonza mafuta. Rangi ikikauka, pitisha mafuta ya kitani kidogo sana kwa kitambaa juu ya baka lililofifia, kisha uyafute yote unayoweza kuyafuta. Weusi utarudi.

*Uso wa Maria unatisha.* Mwanga unatoka chini mno. Punguza mwanga ulio chini ya pua na nyusi, ongeza kwenye shavu lililo upande wa hori, na ulainishe kivuli kinachopanda juu ya pua. Mara nyingi inatosha.

*Mtoto anaonekana kama balbu.* Umeweka nyeupe tupu eneo kubwa mno, au ukingo wa nguo ni mkali pande zote. Acha ukingo mkali upande mmoja na upande wa pili uyeyukie kwenye nyasi. Kwangua nyeupe ya ziada kwa kisu kabla haijakauka.

*Kila kitu kimekuwa cha machungwa.* Umetia njano mpaka kwenye vivuli. Rudisha ultramarini kwenye magiza, na angalia mavazi: joho la Maria la buluu likiwa karibu na mwanga wa njano linaelekea kijani kibichi au kijivu, na buluu yake halisi inaonekana pale tu mwanga unapoanza kupungua. Ukilipaka buluu ile ile lote, litaruka nje ya picha.

*Rangi haikauki.* Kama ulitia mafuta mengi au mafuta ya taa, hakuna dawa zaidi ya kusubiri au kukwangua. Weka picha kwenye chumba chenye upepo na mwanga wa mchana. Usiianike kwenye jua kali, usiipulizie mashine ya kukaushia nywele.

*Nyeupe imekuwa ya njano baada ya kuifunga stoo.* Mafuta ya kitani hufanya hivyo gizani. Itoe, iache kwenye chumba chenye mwanga wa mchana kwa wiki kadhaa na sehemu kubwa ya unjano itaondoka.

*Padri anataka vanishi sasa hivi.* Mweleze kwa heshima kwamba vanishi ya mwisho inasubiri miezi sita kwa sehemu nyembamba, na karibu mwaka kwa zile nguo za kitoto ulizozipaka nene. Picha inaweza kutundikwa bila vanishi Noeli hii, na uirudie ikishakauka.

*Kanisani haionekani, inametameta tu.* Ni dirisha. Picha yenye giza jingi inaakisi mwanga wowote ulio mbele yake, kwa hiyo nenda kanisani kabla ya kutundika, saa ile ile ya ibada, ukiwa na kipande cha kioo au kadibodi nyeusi yenye kung'aa. Kiweke ukutani mahali picha itakapokaa, kaa kwenye benchi la katikati, utazame. Kikimeta, hamia ukuta ulio upande mmoja na madirisha, au inamisha sehemu ya juu ya fremu mbele kwa sentimita tatu au nne.

*Rangi zimebadilika baada ya kutundikwa.* Angalia taa za kanisa. Zile nyeupe zenye ubuluu zinaua siena na oka zote. Omba ile taa iliyo karibu na picha ibadilishwe iwe ya njano, balbu moja tu, kabla hujafikiria kupaka chochote upya.